Riwaya Ilififia, Masikio Yakabaki

Alice Werner, aliyezaliwa Trieste mwaka 1859, alianza kama waandishi wengi wa kike wa enzi ya Malkia Victoria: mashairi, hadithi fupi, kisha mwaka 1901 riwaya ya Afrika, Chapenga's White Man, ambayo leo ni nadra kutajwa. Kazi yake iliyodumu ilitokana na kusikiliza. Alizuru Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913, akachapisha makala kuhusu Wapokomo wa bonde la Tana, na mwaka 1914 nyingine kuhusu Waorma, akiwaita Wagalla, jina ambalo wenyewe hawalitaki. Riwaya humruhusu mwandishi kuwasemea watu. Makala za namna hii humlazimu kwanza kunyamaza.

Atakayepinga atasema kwamba alipita Tana chini ya kivuli cha ukoloni, na kwamba mzee wa vijiji vyake, Ngao au Garsen, hakuhitaji mgeni amsimulie habari za shujaa wa masimulizi ya pwani, Fumo Liongo. Hoja hiyo ina uzito, na jina hilo la Wagalla ni ushahidi wake. Lakini Tana ni mto unaohama mkondo na vijiji huhama nao. Maandishi, hata yenye kasoro, husahihishika, ilhali kauli iliyozikwa na msemaji wake haiulizwi tena. Werner aliendelea kuhifadhi maneno ya wengine: mwaka 1934, akishirikiana na William Hichens, alitoa chapa ya utendi wa Mwana Kupona, mwanamke wa kisiwa cha Pate aliyeutunga wakati Malkia Victoria akiwa bado kwenye kiti cha enzi.