ANAYEJISOMEA, NANI ANAMSIMAMIA?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ijumaa hii tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema si la msikitini. Ni juu ya mtihani. Hatusemi mtihani wa kaburi. Tunasema mtihani wa karatasi na kalamu, ule wa mtu mzima anayejisomea peke yake nyumbani, bila mwalimu, bila kengele, bila mtu wa kumwambia leo tunasoma ukurasa huu na kesho ule.

Watu wa namna hiyo tunao hapa Kabambare, na Kasongo pia wako. Yuko mama aliyeacha shule kwa sababu ya ndoa, au kwa sababu vita vilifunga shule. Yuko kijana aliyekwenda machimbo ya dhahabu upande wa Namoya na Salamabila angali mtoto, na leo amechoka na shimo, anatafuta diploma. Serikali yetu imewaachia mlango. Wale wanaoitwa kwa Kifaransa autodidactes, yaani wenye kujisomea, wanaruhusiwa kufanya Exetat kama watoto wa shule. Kwanza wanapita mtihani wa awali wa kupima kiwango chao. Wakifaulu huo, wanaingia pamoja na wengine: insha ya Kifaransa inatangulia, halafu zinafuata siku nne za maswali. Anayepata 50 kwa 100 anaitwa mwenye diploma, anapakwa poda nyeupe kichwani, na jamaa zake wanaimba barabarani.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako wengi wetu tuna jamaa, kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kiliundwa kwa sheria namba 17 ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza mwaka 1994. Mwanafunzi wa chuo hicho anaweza kubaki kwenye kazi yake, anasoma kwa mwendo wake, na anakwenda kituo cha chuo kufanya mtihani. Waliweka hata utaratibu wa mtihani wa kuomba: mwanafunzi akijiona yuko tayari, yeye mwenyewe anaomba kutahiniwa.

Tazameni ukubwa wa uhuru huo, ndugu zangu. Mtoto wa shule akikosa darasani, prefe anamwita mzazi. Huyu akikosa, haitwi mtu. Ndiyo maana tunauliza: anayejisomea, nani anamsimamia? Na akichelewesha masomo yake, amemkosea nani?

KESHO

Wengi watajibu haraka: hajamkosea mtu. Wakati ni wake, silabi amenunua kwa pesa yake, akifeli amefeli yeye. Jibu hilo linaonekana sawa. Lakini tulifuate hatua kwa hatua.

Tuweke mfano. Mtu ameamua mwezi wa kumi kwamba mwaka huu atafanya mtihani. Amenunua daftari, ameazima vitabu. Anasema: nitaanza nikimaliza kupanda mpunga. Mpunga umepandwa, anasema: mtoto anaumwa, ngoja apone. Mtoto amepona, kuna harusi ya mdogo wake. Baada ya harusi anasema: Ramadhani imekaribia, nitasoma vizuri baada ya Idi. Kila sababu aliyotoa ni ya kweli. Hakusema uongo hata mara moja. Na bado siku moja anaamka, zimebaki juma tatu, na vitabu havijafunguliwa.

Siku hiyo mbele yake kuna milango mitatu. Wa kwanza ni kuacha na kungoja mwaka mwingine. Wa pili ni kuingia na kile kidogo anachokijua, akubali litakalotokea. Mlango wa tatu mnaujua. Anakuja mtu usiku, anasema kwa sauti ndogo: kuna mchango, si mkubwa, kila mmoja anatoa, majibu yatafika mezani.

Mtu aliyesoma tangu mwezi wa kumi anaweza naye kushawishiwa. Lakini yeye ana kitu mkononi, anaweza kusema hapana na bado akabaki na tumaini. Yule wa kesho hana kitu. Kwake neno hapana ni ghali sana: ni pesa ya kujiandikisha, ni aibu mbele ya mume au mke, ni mwaka mzima. Basi tunasema hivi: wizi wa mtihani hauanzi katika chumba cha mtihani. Unaanza miezi minane nyuma, jioni ile mtu aliposema kesho bila sababu, na hakuna aliyemwona. Kuchelewesha si wizi. Lakini ndiko kunakomuuza mtu kwa mwizi, kwa sababu kunamfikisha mahali ambapo ukweli unamgharimu kuliko anavyoweza kulipa.

CHAKULA KILICHOLOWA CHINI

Inasimuliwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akakuta rundo la chakula. Juu lilikuwa kavu. Akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule akajibu kwamba mvua ilikinyeshea. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa, ili watu wakione. Kisha akaeleza kwamba anayedanganya namna hiyo hayumo katika watu wake.

Zingatieni jambo moja hapo. Kulowa si kosa. Mvua inamnyeshea kila mtu: vita ni mvua, umaskini ni mvua, ndoa ya mapema ni mvua. Kosa ni kukiweka kikavu juu ili mnunuzi asijue. Diploma ni sehemu ya juu ya rundo. Muuguzi aliyepata karatasi kwa mchango, mkono wake utasoma vipi kipimo cha dawa ya mtoto? Mwalimu aliyenunua hesabu, atafundisha hesabu gani? Hao ndio wanaotia mkono ndani ya rundo na kukuta unyevu, na wao hawakuulizwa wakati wa kununua. Basi yule aliyesema wakati ni wangu na hasara ni yangu, hakuhesabu vizuri. Wagonjwa na wanafunzi wa kesho walikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo.

UDHURU NA UVIVU

Hapa mtu ataniambia: Shekhe, unasema maneno ya mtu mwenye taa. Je, mama anayeamka kabla ya Alfajiri, anachota maji, anakwenda shamba, anarudi na kuni kichwani, anapika, analaza watoto, na mafuta ya taa hakuna? Naye utamwita mvivu?

Hapana. Hatumwiti hivyo, na anayemwita hivyo amwogope Mungu. Lakini kuna alama ya kutofautisha udhuru na uvivu, na kila mtu anaweza kuitumia juu ya nafsi yake. Mwenye udhuru anatafuta nusu saa. Anaipata wakati maharagwe yanachemka, au baada ya Isha kabla usingizi haujamshinda. Mvivu anangoja siku nzima iliyo tupu, na siku hiyo katika maisha ya mtu mzima haiji. Mwenye nusu saa kila siku kwa miezi minane amepata saa zipatazo 120. Mwenye kungoja siku tupu hana hata moja.

Na tuseme kweli upande wa pili: ule mzigo wa mama si wake peke yake. Mume anayetaka mke wake apate diploma, lakini hataki kuchota hata ndoo moja ya maji, anataka poda bila mtihani. Jirani mwenye paneli ya jua anayewaka taa kwa ajili ya redio tu, anaweza kumwachia mtu kona ya kusomea. Sisi wenyewe tusiposaidia, tumeshiriki kumsogeza mwenzetu karibu na mlango wa tatu.

NAMNA YA KUJITAYARISHA

Kumwambia mtu soma bila kumwonyesha njia ni kumchosha. Haya ni machache, na mengi mtayaona si mageni, kwa sababu madrasa zetu zinayajua.

1. Weka siku yako mwenyewe. Mtihani wa Serikali una tarehe. Mwenye kuomba mtihani atafute yake. Kutoka tarehe hiyo rudi nyuma, ugawe masomo kwa majuma, uandike ukutani. Juma mbili za mwisho usiweke somo jipya, ziwe za kurudia.

2. Funga kitabu, useme. Katika madrasa mwalimu haulizi kama umeutazama ubao. Anaugeuza ubao na kusema: soma. Wataalamu wa Marekani, Roediger na Karpicke, walipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma habari moja kwa kurudia-rudia kuisoma walijiona wanaijua, na baada ya dakika tano kweli waliongoza. Baada ya juma moja walikumbuka sehemu 40 tu kwa 100. Wenzao waliosoma kidogo kisha wakajipima mara tatu bila kitabu walikumbuka 61. Macho kupita juu ya maandishi kunadanganya. Ulimi ukikwama, hapo ndipo unajua usichokijua.

3. Rudia kwa vipindi. Kilichosomwa mara moja kinapotea. Qur'ani yenyewe iliteremka kidogo kidogo kwa muda wa miaka ipatayo 23, na inapokewa kwamba kila Ramadhani Jibrili alikuwa akiipitia pamoja na Mtume mara moja, na mwaka wa mwisho wa maisha yake akaipitia mara mbili. Kama aliyepokea wahyi alirudia, wewe na silabi yako ni nani usirudie?

4. Fanya maswali ya miaka iliyopita kwa saa, si kwa kutazama majibu. Insha nayo iandikwe yote hadi mwisho, mpe mtu anayejua Kifaransa aipige kalamu nyekundu. Afadhali ulie nyumbani.

5. Tafuta msikilizaji mmoja. Si lazima awe msomi. Mtoto wako wa darasa la sita anaweza kushika daftari na kukuuliza, akaona kama umejibu kilichoandikwa. Anayejisomea hana prefe, basi na ajichagulie shahidi.

TUKIFELI JE?

Inawezekana mtu akafanya yote haya akafeli. Nelson Mandela alianza masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943. Alifeli mitihani ya mwisho akaondoka bila shahada. Gerezani akaendelea kujisomea kwa njia ya posta, akafeli tena mingine. Shahada hiyo ya sheria aliipata mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kinachofundisha kwa mbali, angali mfungwa, akiwa mzee wa miaka sabini. Miaka 46 tangu alipoanza. Hatumtaji ili tuseme kila mtu atakuwa Mandela. Tunamtaja kwa sababu watu wetu wanadhani aibu kubwa ni kufeli, na kwa ajili ya kuikimbia aibu hiyo wanatoa mchango wa usiku. Aliyefeli kwa haki ana kitu cha kuanzia mwaka ujao: anajua sura tano kati ya kumi. Aliyefaulu kwa mchango hana mwanzo wowote. Hawezi kurudi darasani, kwa sababu karatasi inasema amemaliza, na hawezi kumwambia mtu kwamba hajui.

JIBU

Tuliuliza: nani anamsimamia? Mmefundishwa tangu utoto maana ya ihsani, kumwabudu Mwenyezi Mungu kama unamwona, na kama humwoni, yeye anakuona. Tunaisema sana juu ya swala. Leo tuiseme juu ya ile nusu saa ya jioni, wakati kitabu kiko mezani, hakuna anayejua kama umekifungua, na neno kesho liko mdomoni. Hapo ndipo msimamizi yupo, na hana haja ya kuandika jina lako kwenye orodha ya mahudhurio.

Tunamaliza kwa ombi. Mwenye silabi na vitabu vya mtihani ambavyo watoto wake wamemaliza navyo, asiviache viliwe na mchwa. Avilete msikitini baada ya Isha, aandike jina lake ndani, vitaazimwa na kurudishwa. Wenye kujisomea, wanaume na wanawake, wajitaje kwa imamu ili wajuane na wapimane. Na yule atakayekuja usiku na habari za mchango, mwambieni kwa adabu kwamba hapa watu walianza mwezi wa kumi.

Mwenyezi Mungu atupe baraka katika wakati wetu, atujaalie ukweli katika kazi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.