Jemadari na Kipokeo

Mwaka 1961, kabla Umkhonto we Sizwe haijajitangaza hadharani tarehe 16 Desemba, Nelson Mandela alijificha kwa muda wa miezi miwili hivi katika fleti ya mwandishi wa habari Wolfie Kodesh, mtaani Berea, Johannesburg. Jemadari huyu hakuwa bado na jeshi. Alikuwa na vitabu vya vita, Clausewitz akiwemo, na alikuwa na desturi ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuvaa nguo za mazoezi na kukimbia papo hapo, bila kusogea, kwa zaidi ya saa nzima. Mwenyeji wake, aliyekuwa amepigana katika Vita Kuu ya Pili, mwishowe alisalimu amri, akawa anafanya mazoezi naye kila asubuhi kabla ya kwenda mjini.

Wawili wale walikuwa sawa chumbani mle. Lakini je, afisa mwandamizi, mwenye nyota begani na dereva mlangoni, ajiunge na mazoezi ya viungo ya kikosi chake? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba ajiunge ili awe mfano. Jibu hilo ni dhaifu. Mfano wa mbio hutolewa vizuri zaidi na luteni wa miaka ishirini na mitano. Kanali wa miaka hamsini na mitano anayehema kwenye kona ya kwanza ni mfano wa uzee tu, na uzee hauhitaji kufundishwa. Kama shabaha ni mfano, heri abaki mezani kwake, ambako ipo kazi asiyoweza kuifanya mwingine.

Sababu iliyo nzito inahusu ujuzi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wasemavyo wahenga, na hakuna mahali ambapo usufi huo ni mwepesi kama ofisini. Mtu aliyepanda gari kwa miaka kumi husaini amri ya matembezi ya kilomita ishirini na begi mgongoni kama asainivyo hati ya kununua karatasi. Alipokuwa kuruta aliyajua maumivu hayo, ni kweli, ila mwili husahau upesi kuliko akili. Akili hukumbuka kwamba palikuwa na uchungu. Uchungu wenyewe haiukumbuki. Anayeagiza magoti ya wengine yaumie anadaiwa, walau mara kwa mara, kuyasikiliza ya kwake.

Hapo huzuka pingamizi ambalo watetezi wa mazoezi ya pamoja hulikwepa. Mkubwa akiingia katika safu, safu hubadilika. Kikosi hupunguza mwendo ili asiaibike, au sajini huzidisha ukali ili aonekane. Mandela mwenyewe, alipohamishiwa gereza la Pollsmoor, Cape Town, mwaka 1982, alilala chumba kimoja na wenzake, na amesimulia kwamba mazoezi yake ya kabla ya mapambazuko yalimfanya achukizwe na waliotaka kulala. Kuchukiza kule kulikuwa na afya. Walisulu wa gerezani, kina Walter Sisulu na Raymond Mhlaba, waliweza kumnung'unikia usoni. Koplo hawezi kumnung'unikia jenerali aliye ubavuni pake. Atatabasamu, naye jenerali atarudi nyumbani akiamini kwamba ameonana na askari wake.

Waliosoma shule za Tanzania wanao msamiati wa jambo hili, nao ni mchakamchaka. Katika mchakamchaka wapo wawili: anayeimbisha na wanaoitikia. Mwendo wa miguu hufuata wimbo, na wimbo humfuata anayeimbisha, hata akiwa mdogo kuliko wote. Toyi-toyi, ambayo mitaa ya Soweto na Alexandra iliipokea katika miaka ya 1980 kutoka kwa wapiganaji wa makambini uhamishoni, ni ndugu yake wa karibu. Basi swali la kuuliza ni nafasi ya mkubwa katika wimbo. Akitangulia mbele na kuimbisha, amehamisha ofisi yake hadi uwanjani. Akikaa katikati, akaitikia wimbo wa koplo na kusimama koplo aliposema simama, kwa saa hiyo moja amekuwa chini ya amri asiyoitunga. Si wengi waipendao nafasi hiyo.

Hata hapo jasho linaweza kuwa kinyago. Katika kambi ya Kongwa, Dodoma, wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe walifanya mazoezi miaka mingi bila kuona njia ya kurudi kwao. Chris Hani na wenzake sita walipoandika waraka wao mwaka 1969, hawakulalamika kwamba wakubwa hawakimbii. Walilalamikia viongozi waliogeuka watu wa ofisini na wa safari za ng'ambo, waliotengana na wapiganaji. Waliondolewa chamani kwa muda, ila malalamiko yao yalichangia kuitishwa kwa mkutano wa Morogoro mwezi Aprili mwaka huohuo. Kiongozi wa namna ile angeweza kukimbia nao kila Jumamosi, kisha akaenda kula chungu kingine, na waraka ungebaki na haki yake yote.

Kwa hiyo uamuzi uliotolewa na Mahakama ya Katiba, Johannesburg, mwaka 1999, una uzito katika suala hili kuliko kanuni yoyote ya mazoezi. Mahakama ilibatilisha katazo lililowazuia wanajeshi kujiunga na vyama vya wafanyakazi na kushiriki maandamano ya umma. Majenerali wengi waliona nidhamu inabomolewa. Lakini jeshi ambamo askari ana mlango wa kupeleka lalamiko ndilo jeshi ambamo kanali anaweza kukimbia na kikosi bila kuwa mwigizaji, kwa kuwa mbio zake hazitachukuliwa kuwa badala ya jibu. Na akimbie kwa buti zilezile zilizotolewa stoo kwa askari wa kawaida. Kama soli zinabanduka mvua inaponyesha, atakuwa na la kumwandikia mkuu wa ugavi kabla ya chai ya saa nne.