Boma na Mlango Wake

Ukifika Mikindani, karibu na mji wa Mtwara, utaliona jengo lenye mnara lililokabili ghuba. Hilo ni boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895 kwa mawe na chokaa ya pwani yetu. Kuta zake ni nene, kwa kuwa waliokaa ndani waliwahofu waliokaa nje. Miaka kumi baadaye, Vita vya Maji Maji vilipowaka kusini, ilidhihirika kwamba hofu hiyo ilikuwa na sababu.

Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947 na kujenga bandari Mtwara, Mikindani ilipoteza cheo chake, na hatimaye boma likaachwa likachakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikarabatiwa na shirika la hisani kutoka Uingereza, likawa hoteli na mahali pa kuwafunza kazi vijana wa hapo.

Yatupasa tujiulize: nyumba iliyojengwa ili kututisha, je, yafaa tuikalie? Wako wasemao ibomolewe, kwani dhuluma haifutwi kwa kupakwa chokaa mpya. Hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini mawe yale hayakuja kwa meli kutoka Ulaya. Ni ya ardhi hii, na jasho lililoyapandisha ukutani ni la watu wa Afrika. Tukiyabomoa, tutatupa kazi ya wazee wetu pamoja na aibu ya mtawala. Tena, kuta nene huzuia joto bila mashine yoyote. Kuzivunja na kujenga upya kwa saruji ni kuharibu mali mara mbili.

Hata hivyo, kulikalia jengo hakutoshi. Lugha yetu yenyewe yatuonya. Neno boma, ambalo asili yake ni ua wa kujikinga na adui, lilikuja kuwa jina la ofisi ya serikali, na katika wilaya nyingi watu husema wanakwenda bomani. Ngome ilikwisha kuwa ofisi zamani. Je, ofisi imeacha kuwa ngome? Mkulima wa korosho atokaye kijijini kando ya Ruvuma na karatasi yake mkononi, akaambiwa arudi kesho bila hata kutazamwa usoni, amekutana na ukuta mnene kuliko ule wa mwaka 1895.

Kwa hiyo twasema: majengo ya kale ya dola yahifadhiwe, na penye uwezekano yatumikie umma. Lakini desturi ya mlangoni itangulie kubadilika. Mlinzi awaelekeze watu badala ya kuwazuia, na karani akumbuke ni nani aliyemwajiri. Siku mwananchi atakapoingia bomani bila kuvua kofia kwa woga, hapo ndipo tutakapokuwa tumeliteka.