Saa Moja ya Mchana

Ukiutafuta mgahawa wa Kifaransa Mwanhuzi, utarudi na vumbi tu miguuni. Ila kula mchana kama Mfaransa, mji huu wa Meatu haukunyimi. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Wafaransa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikisifia zaidi watu kuketi pamoja, chakula kuja kwa zamu na mazungumzo kunoga.

Wasukuma wa huku nao walikuwa na shikome, moto wa uani ambako wanaume na vijana walikula pamoja huku wazee wakisimulia. Kasoro yake, tusifichane, aliyepika hakuwapo. Mama na binti zake walikula kwao, jikoni.

Kwa hilo benchi la mama lishe limeipita shikome. Saa saba, jua likiwa utosini, chini ya turubai utamkuta nesi, bodaboda na mnunuzi wa pamba wamebanana. Binti anapita na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, ananawisha mmoja mmoja. Unakuja ugali wa mtama, wa kahawia, ungali unafuka. Sato aliyekaangwa kisha akaungwa kwa nyanya na kitunguu. Pembeni nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yametiwa karanga. Ugali ule hautaki papara, ukiuvamia unakuunguza vidole. Hapo ndipo maneno yanapopata nafasi: bei ya pamba, mvua iliyotupita, mtoto wa fulani kafaulu. Mwisho matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na chai, na hapo hata Mfaransa angelegeza mkanda.

Wanaonisikitisha ni wenzangu wa maofisini. Chipsi mayai kwenye mfuko, mkono mmoja unakula, wa pili uko kwenye simu. Kule Ufaransa sheria ya kazi inamkataza mwajiri kuacha wafanyakazi wale palepale wanapofanyia kazi, na ilibidi ije korona ndipo ikalegezwa kwa muda, mwaka 2021. Nasi tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Zinatosha kunawa, kula, kubishana kuhusu pamba, na kumwambia mama lishe naye avute kigoda kabla sato hajaisha.