Una Haki Gani ya Kumchora Anayekufa?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini mwenzako akishaumbuliwa, je, una haki ya kukaa pembeni umchore?

Swali hili limenikaa kichwani tangu nilipoona kitabuni picha ya Inayat Khan. Bwana huyu alikuwa ofisa wa Jahangir, mfalme wa dola ya Mughal kule India. Kasumba na pombe vikammaliza. Mwaka 1618 alibebwa kwenye machela hadi mbele ya mfalme kuomba ruhusa ya kusafiri. Mfalme akashangaa: ngozi na mifupa tu! Akaamuru wachoraji wamchore, kisha akampa rupia 2,000 za njiani. Siku iliyofuata Inayat Khan akafa.

Ukatili, siyo? Tena Jahangir mwenyewe alikuwa mnywaji na mla kasumba. Kaandika hayo katika kumbukumbu zake.

Lakini hebu itazame picha. Ni ndogo, ya kushikwa mkononi. Mgonjwa kaegemea mito, kifua wazi, mbavu zinahesabika. Kejeli hakuna hata chembe.

Wako Waislamu waliopinga kuchora viumbe wenye roho, wakihofia mchoraji anashindana na Muumba. Akbar, baba yake Jahangir, alikuwa na jibu, kama anavyosimulia mwandishi wake Abu'l-Fazl: mchoraji huchora kiungo baada ya kiungo, kisha huona hawezi kutia uhai, ndipo humkumbuka Mungu. Nadhani aliyemchora Inayat Khan alilijua hilo vizuri. Mbavu aliziweza zote. Pumzi moja ya kumwongezea hakuwa nayo.

Mtaani kwetu kuna kijana unga umemmaliza. Watu wanamwita teja, wanampita. Mimi natamani kumweka kwenye riwaya yangu. Nikimwandika kwa mshangao wa mfalme, nitakuwa nimemwibia hata kile kidogo alichobakiza. Nikimwandika kama yule mchoraji, taratibu, nikijua siwezi kumponya, angalau msomaji atakutana na mtu.

Bado kuna jambo moja. Katika masimulizi ya mfalme, mgonjwa haulizwi kama anataka kuchorwa. Kijana wetu yu hai, anasikia. Nitamuuliza kwanza. Akikataa, basi, riwaya itakosa sura moja.

Wewe mwandishi mwenzangu, ungefanyaje?