Mtoto kasahau aya, ustadhi kashika bakora



Mtoto kasomewa aya, anaambiwa airudie, anakwama katikati. Ustadhi anasema huyu mvivu, na bakora inashuka. Nami nilichapwa hivyo, na nilipoanza kufundisha nikachapa, Allah (s.w.) anisamehe.

Hebu tutazame Mola wetu alivyoiumba akili. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza namna ubongo unavyohifadhi mambo kwa muda mfupi. Katika utaratibu huo ipo sehemu ya sauti za maneno. Sauti hizo hufifia ndani ya sekunde 2 hivi, isipokuwa mtu azirudie, kwa ulimi au moyoni. Ndiyo maana ukitajiwa namba ya simu huinong'ona mpaka upate kalamu. Mtu akikusemesha, imekwenda. Maneno marefu nayo hushinda upesi kuliko mafupi, kwani kuyarudia kunachukua muda. Na maneno yanayosemwa pembeni, hata kama huyasikilizi, huvuruga.

Sasa tazama madrasa zetu za mjini. Watoto arobaini chumba kimoja, kila kundi na sura yake, wote kwa sauti ya juu, na nje daladala zinapiga honi. Mtoto hajui Kiarabu, kwa hiyo hana maana ya kushikilia, ana sauti tupu. Aya ndefu anapewa kwa mkupuo mmoja. Kisha tunamwita mvivu!

Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kama alivyosimulia Ibn Abbas (r.a.), alikuwa akiutikisa ulimi wake kwa haraka Wahyi unaposhuka, akichelea usimponyoke. Katika Surat Al-Qiyama Allah (s.w.) akamtuliza: asiharakishe, kuikusanya Qur'an ni juu Yake, yeye asikilize kwanza, kisha afuatishe.

Basi ustadhi asome kipande kifupi, darasa likae kimya, mtoto akirudie papo hapo, tena na tena, ndipo kiungwe na kinachofuata. Hili halihitaji fedha za wafadhili.

Wapo watakaosema mashekhe wetu walihifadhi kwa bakora. Sawa. Lakini wale walioikimbia madrasa kwa bakora hiyo hiyo, na leo ni watu wazima wasioweza kuisoma Al-Fatiha sawasawa, nani amewahesabu?