Mtoto Anayeongeza Hatua Yake

Huku kwetu Dilala, ngoma ikipigwa ku ndoa ao ku matanga, watoto njo wanatangulia kuingia uwanjani. Mmoja anacheza vizuri, kisha anaongeza hatua yake mwenyewe. Hapo mkubwa anapaza sauti: «We mutoto, usituharibishie ngoma ya bankambo!» Mtoto anarudi nyuma na haya. Sisi tunajiuliza: kati ya hao wawili, nani ameharibu ngoma?

Mkubwa yule hakosei yote. Ngoma iko na mafundisho ndani. Kwa Wachokwe, vijana wa mukanda wanakaa kambini porini na kufundishwa kwanza. Tena kinyago cha Mwana Pwo kinaonyesha mwanamke, lakini anayekicheza ni mwanaume. Sherti awe ameangalia sana mwendo wa wanawake. Kujifunza kunatangulia kubuni. Hilo tunalikubali.

Lakini tuangalie bankambo wenyewe. Mbeni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikasafiri mpaka Élisabethville na kambi za shaba za Zambia. Vijana Wabisa wakapata ndani yake Kalela, ambayo Clyde Mitchell aliieleza katika kitabu chake cha 1956. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyofunikwa ngozi ya ng'ombe. Walivaa suruali zilizopigwa pasi, na kati yao walikuwa «mfalme», «daktari» na «nesi». Leo watu wanaihesabu Kalela kuwa ngoma ya asili. Kwa hiyo tulichorithi si hatua tu. Tumerithi pia ruhusa ya kuongeza.

Na ruhusa hiyo inatolewa mapema, ao haitolewi. Mtoto aliyenyamazishwa akiwa na miaka 7, akifika 20 atacheza tu vile alivyoona ku telefone, juu ya alishajifunza kwamba chake hakina bei. Wengi wetu tulirudishwa nyuma vile, na leo ku feti tunabakia ku kiti, tukiangalia wengine.

Basi, wazazi, tufundishe hatua ya bankambo bila kuipunguza. Mtoto akiishaijua, tumwambie: «Sasa onyesha ya kwako.» Ikiwa mbaya, itasahaulika yenyewe. Ikiwa nzuri, wajukuu wake wataiita ya asili.